Dunlop: Daktari wa mifugo aliyeweka upepo ndani ya tairi

WENGI wa wasomaji wa ukurasa huu wamewahi kuliona jina Dunlop ubavuni mwa tairi la pikipiki, trekta au lori. Wachache wanafahamu kuwa hilo ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo hakuwa fundi wa magari wala mhandisi. Alikuwa daktari wa mifugo, mtoto wa mkulima, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutibu farasi na ng'ombe.

Wiki hii tunayaangalia maisha ya John Boyd Dunlop kwa sababu ya swali linalowahusu wote wenye vyombo vya usafiri. Katika baadhi ya vituo vya matairi mijini, mteja hupewa uchaguzi wa kujaziwa upepo wa kawaida au kulipia zaidi ajaziwe gesi ya naitrojeni. Anaambiwa kuwa naitrojeni haivuji haraka, haipati joto, inaokoa mafuta na inafanya tairi lidumu.

Kwa mfanyabiashara wa Mpepai anayesomba mahindi na kahawa kwenda Mbinga mjini, kisha pengine Songea au kuteremka hadi Mbamba Bay, suala hili si dogo. Matairi ni miongoni mwa gharama zinazokula faida yake, na tairi likipasuka kwenye mteremko hasara yaweza kuwa uhai wa watu. Je, alipie naitrojeni? Jibu linaeleweka vizuri zaidi tukianza na mtu aliyefanya upepo uwe sehemu ya gurudumu.

Mtoto wa shambani

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, eneo la Ayrshire, Scotland. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alikwenda mji wa Edinburgh kusomea udaktari wa mifugo na akahitimu akiwa na umri wa miaka 19 tu.

Hapa inafaa kutaja jambo moja. Ni katika mji huohuo wa Edinburgh ambako mwaka 1772 mwanasayansi Daniel Rutherford aliitambua gesi ambayo leo tunaiita naitrojeni. Kwa hiyo gesi hii ilikuwa inafahamika kwa miaka 115 kabla Dunlop hajatengeneza tairi lake la kwanza. Hata hivyo, yeye alitumia upepo uliokuwa ukimzunguka, ambao haukumgharimu senti.

Baada ya kufanya kazi Edinburgh kwa karibu miaka kumi, Dunlop alihamia Ireland mwaka 1867. Alifungua huduma ya tiba ya mifugo katika mji wa Downpatrick pamoja na ndugu yake James, na baadaye akahamia mji mkubwa wa Belfast. Kufikia miaka ya 1880 kazi yake ilikuwa imekua na kuwa miongoni mwa huduma kubwa za mifugo katika Ireland nzima.

Daktari wa mifugo wa wakati ule alikuwa msafiri. Ilimbidi kuwafuata wagonjwa wake mashambani kwa mkokoteni wa farasi, juu ya magurudumu ya mbao yaliyovikwa pete ya chuma. Barabara za mjini zilitandikwa mawe, na za shambani zilikuwa na mashimo na matope. Kila jiwe lililogongwa na gurudumu lilipanda hadi kwenye mgongo wa abiria. Mkulima aliyewahi kupanda trela la trekta kutoka shambani anaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Baiskeli ya mtoto

Mwishoni mwa mwaka 1887 Dunlop alikuwa na umri wa miaka 47. Mtoto wake wa kiume alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, yaliyokuwa na mpira mgumu usio na kitu ndani. Mtoto alitaabika nayo kwenye mawe ya mitaa ya Belfast, na baba akaanza kufikiri namna ya kumpunguzia adha hiyo.

Dunlop alichukua ubao akautengeneza mfano wa gurudumu. Akazungushia mrija wa mpira, akaushikiza kwa kitambaa, kisha akaujaza upepo kwa pampu ya kujazia mpira wa miguu. Alipomaliza aliliviringisha uani gurudumu la kawaida la baiskeli ya mtoto, na baadaye gurudumu lake la upepo, akitumia nguvu ileile. La kwanza lilikwenda kidogo likaanguka. La upepo liliuvuka uwanja mzima, likagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma.

Jaribio hilo dogo ndilo msingi wa usafiri wote wa barabarani tunaoujua. Maana yake ni kwamba mpira peke yake haubebi mzigo. Kinachobeba mzigo ni upepo uliobanwa ndani. Mpira na nyuzi zake ni mfuko tu wa kuushikilia upepo huo usitoke. Gurudumu linapokutana na jiwe, upepo hubonyea na kurudi, hivyo nguvu ambayo ingepotea katika kuruka na kutetemeka hubaki kulisukuma gurudumu mbele.

Dunlop aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, na akapewa mwishoni mwa mwaka 1888.

Mashindano yaliyofungua soko

Bidhaa mpya huhitaji mtu wa kuionyesha. Watu waliyaona matairi manene ya Dunlop wakayacheka. Lakini mwendesha baiskeli mmoja wa Belfast aitwaye Willie Hume alinunua baiskeli yenye matairi hayo na kuingia nayo katika mashindano ya Mei 1889 mjini humo. Alishinda mbio zote nne alizoshiriki. Baada ya hapo aliipeleka Uingereza na kushinda tena mjini Liverpool. Kicheko kikaisha, oda zikaanza kumiminika.

Mmoja wa walioona fursa hiyo alikuwa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin na kiongozi wa chama cha waendesha baiskeli wa Ireland. Mwaka huohuo wa 1889 iliundwa kampuni ya kutengeneza na kuuza matairi ya upepo. Dunlop alitoa hataza yake na kupata fedha kidogo pamoja na hisa chache. Uendeshaji wa kampuni ulikuwa mikononi mwa du Cros.

Mwaka 1890 ilikuja habari mbaya. Dunlop alijulishwa kwamba hataza yake haikuwa halali. Mskochi mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo hilohilo mwaka 1845, miaka 42 kabla ya jaribio la Belfast. Thomson alikuwa ameyafunga matairi yake ya ngozi na mpira kwenye magari ya farasi na kuyaonyesha London mwaka 1847. Yalifanya kazi vizuri, ila yalikuwa ghali, na wakati huo hapakuwa na baiskeli wala magari ya kuyahitaji. Thomson alifariki mwaka 1873 na wazo lake likasahaulika.

Kampuni haikufa. Du Cros alinunua hataza nyingine zilizotatua matatizo ambayo Dunlop aliyaacha. Tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa limegandishwa kwenye ringi, hivyo pancha moja ilikuwa kazi ya saa nyingi. Mwaka 1890 Charles Welch na William Bartlett, kila mmoja kwa njia yake, walibuni matairi yanayovuliwa na kurudishwa kwenye ringi. Huko Ufaransa ndugu wa Michelin walifanya vivyo hivyo mwaka 1891. Mwaka huo pia ilipatikana vali bora ya kuzuia upepo kurudi. Fundi wa pancha wa leo, anayelivua tairi kwa vyuma viwili na kuziba tyubu chini ya mwembe, anafanya kazi yake kwa sababu ya uvumbuzi wa watu hao.

Utajiri uliokwenda kwa wengine

Mwaka 1896 kampuni hiyo iliuzwa kwa pauni milioni 3 za Uingereza. Aliyeinunua, Ernest Terah Hooley, aliiuza upya kwa umma muda mfupi baadaye kwa pauni milioni 5. Zilikuwa fedha nyingi mno kwa wakati ule. Dunlop alikuwa amekwisha kujiondoa katika kampuni, na hakupata sehemu ya maana katika mauzo hayo. Jina lake lilibaki kwenye bidhaa, nalo limepita mikononi mwa makampuni mbalimbali hadi leo.

Katika miaka yake ya mwisho aliishi Dublin, akiwa na maslahi katika biashara ya duka la nguo. Alifariki huko tarehe 23 Oktoba 1921 akiwa na umri wa miaka 81. Baadaye sura yake yenye ndevu ndefu iliwekwa kwenye noti ya pauni 10 iliyotolewa na benki moja ya Ireland ya Kaskazini.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, sehemu hii ya maisha yake ina fundisho la wazi. Mwenye wazo na mwenye soko si lazima wawe mtu mmoja, na anayeuza haki yake mapema huuza kwa bei ya siku ile. Ni hali ileile ya mkulima anayeuza kahawa ikiwa bado maua.

Tairi la Ulaya, mpira wa Afrika

Habari za Dunlop haziishii Ulaya. Baiskeli na baadaye magari yalipoenea, mahitaji ya mpira yalipanda kwa kasi ambayo dunia haikuwa imejiandaa nayo. Katika Kongo iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kati ya mwaka 1885 na 1908, wananchi walilazimishwa kukusanya utomvu wa mpira msituni. Walioshindwa kufikisha kiasi walichopangiwa walichapwa, waliuawa na kukatwa mikono.

Hapa kwetu, wakati wa Wajerumani, mpira wa mwituni ulikusanywa kutoka kwenye mimea inayotambaa katika misitu ya kusini, hasa upande wa Liwale, na kuuzwa kwa wafanyabiashara waliousafirisha hadi pwani. Katika Tanga na maeneo mengine, walowezi walipanda mashamba makubwa ya mti wa mpira wenye asili ya Brazil, ambao ni jamii moja na muhogo.

Bei ilifika kileleni mwaka 1910. Kisha mpira wa mashamba ya Malaya na Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, ukafurika sokoni. Huo ulitoka kwenye mti bora zaidi, ambao mbegu zake zilichukuliwa Brazil mwaka 1876. Kufikia mwaka 1913 bei ilikuwa imeanguka, mashamba mengi ya mpira ya Tanganyika yakaachwa na mkonge ukashika nafasi.

Miaka mingi baadaye Tanzania ilijaribu kuunganisha shamba na kiwanda. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969, kilitengeneza matairi ya magari nchini, na nchi ikawa na mashamba ya mpira ya Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga katika bonde la Kilombero. Uzalishaji wa kiwanda hicho ulisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Ndiyo maana mfanyabiashara anapaswa kulitunza kila tairi kwa muda mrefu iwezekanavyo.

Naitrojeni ni nini hasa?

Sasa turudi kwenye swali letu. Upepo tunaouvuta ni mchanganyiko wa gesi. Katika kila sehemu 100 za upepo mkavu, 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na moja iliyobaki ni gesi nyinginezo. Kwa hiyo tairi lililojazwa kwa pampu ya mkono pale Mpepai tayari lina naitrojeni kwa zaidi ya robo tatu. Kituo cha mjini kinachouza naitrojeni kinaongeza kiwango hicho hadi sehemu 93 au 95 hivi.

Mkulima anaifahamu naitrojeni kwa njia nyingine. Ndiyo iliyomo kwenye mfuko wa urea, kwa asilimia 46. Mahindi hayawezi kuichukua hewani, hivyo mkulima hulazimika kuinunua. Maharage, kwa msaada wa bakteria wa mizizini, huikamata hewani bure. Katika jambo hili tairi linafanana zaidi na maharage, kwani sehemu kubwa linaipata bure.

Naitrojeni ina faida za kweli. Oksijeni hupenya kwenye mpira kwa urahisi kuliko naitrojeni, hivyo tairi la naitrojeni hupungua upepo polepole zaidi. Pia naitrojeni ya kiwandani ni kavu, wakati kompresa isiyomwagwa maji huingiza unyevu ndani ya tairi na kuleta kutu kwenye ringi. Hata hivyo, fundi anayemwaga maji ya kompresa yake kila siku huwa ameondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Matairi ya ndege kubwa hujazwa naitrojeni kwa sababu ya msingi. Breki za ndege hupata joto kali sana, na oksijeni ndani ya tairi yaweza kusababisha mlipuko. Machi 31, 1986 ndege ya abiria ya shirika la Mexicana ilianguka nchini Mexico na kuua watu wote 167. Uchunguzi ulionyesha kuwa tairi lililojazwa upepo wa kawaida lilipata joto la breki na kulipuka angani. Lakini pikipiki au pikapu ya kubeba magunia haifikii hali hiyo katika matumizi ya kawaida.

Hesabu ya mfukoni

Mwaka 2006 na 2007 jarida la watumiaji wa bidhaa la Marekani, Consumer Reports, lilipima jambo hili. Lilichukua aina 31 za matairi. Katika kila aina, tairi moja lilijazwa upepo wa kawaida na jingine naitrojeni, yote kwa PSI 30, yaani paundi 30 kwa inchi ya mraba. Yaliachwa nje mwaka mzima. Kwa wastani yale ya upepo wa kawaida yalipungua kwa PSI 3.5, na yale ya naitrojeni kwa PSI 2.2. Tofauti ni PSI 1.3 kwa mwaka.

Tuigeuze tofauti hiyo kuwa mafuta. Makadirio ya idara ya nishati ya Marekani ni kwamba kila PSI moja inayopungua katika matairi yote huongeza matumizi ya mafuta kwa asilimia 0.2 hivi. Kwa hiyo PSI 1.3 ni sawa na robo lita tu katika kila lita 100, tena kwa mtu ambaye hakupima wala kuongeza upepo mwaka mzima. Anayepima kila mwezi haoni tofauti yoyote.

Linganisha na pikapu inayotembea na PSI 20 mahali panapotakiwa 30. Hiyo inapoteza lita 2 katika kila lita 100, na matairi yake yanalika pembeni na kupata joto hadi kupasuka. Naitrojeni haimwokoi mwenye gari hilo. Anayemwokoa ni geji.

Kuhusu joto pia, gesi zote mbili hufuata sheria moja. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, tairi la PSI 30 huongezeka kama PSI 1.5, liwe la naitrojeni au la upepo wa kawaida. Gari linaloondoka asubuhi ya baridi ya Juni kwenye milima ya Umatengo na kufika mchana kwenye joto la Ziwa Nyasa litaonyesha ongezeko hilo bila kujali lilijazwa nini.

Ushauri kwa mwenye chombo

Nunua geji yako mwenyewe. Ni chombo kidogo, hakihitaji umeme, na hutumika miaka mingi. Pima asubuhi kabla ya safari tairi likiwa baridi, angalau mara mbili kwa mwezi na kila kabla ya safari yenye mzigo. Fuata kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango au kitabu cha chombo. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wa juu wa tairi lenyewe.

Usipunguze upepo safarini kwa sababu tu tairi limepata moto. Likipoa utabaki na upungufu. Hakikisha kila vali ina kifuniko, na ukiona tairi moja linapungua kuliko mengine paka maji ya sabuni kwenye vali na ringi utafute mapovu. Tairi la lori lililotembea muda mrefu likiwa limebonyea lisijazwe papo hapo. Livuliwe likaguliwe ndani, kwani nyuzi zilizokatika zaweza kulipasua mbele ya fundi.

Mwenye naitrojeni tayari asiogope kuongezea upepo wa kawaida akiwa Mpepai au kijiji kingine chochote. Gesi hizo huchanganyika bila madhara. Na akipewa naitrojeni bure pamoja na matairi mapya, aipokee. Ila akitakiwa kulipa, azidishe bei hiyo kwa idadi ya matairi na kwa mara atakazojaza kwa mwaka, kisha alinganishe na bei ya geji moja. Mkulima anayejua kulinganisha bei ya mbegu na mavuno hatashindwa na hesabu hiyo.